Kalenda ya Bakelaiti

Siku niliyostaafu, mlinzi wa geti alinisimamisha. Tulikuwa tumesalimiana kila asubuhi kwa miaka mingi, na chai ya saa nne tulimiminiwa kutoka birika moja, lakini siku hiyo aliitazama katoni niliyobeba kama mtu aliyepewa amri.

"Mama, samahani. Hii kitu iko hapa ndani, si ni ya shule?"

"Ni ya baba yangu."

"Ya baba yako, na ilikuwa kwa ofisi?"

"Nilikuja nayo mwenyewe. Naiwekea kalamu tangu nianze kazi hapa."

Akaniomba ningoje pembeni, akaenda kumwita naibu wa mwalimu mkuu. Naibu alikuja, akacheka, akasema mama huyu apite, hicho kiplastiki kimekuwa mezani kwake tangu yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi. Nilipita. Lakini njia yote mpaka nyumbani uso ulikuwa unaniwaka, na keki waliyonikatia kuniaga sikuila.

Sina haki ya kumlaumu sana yule mlinzi. Mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku. Ukikaa miaka thelathini na zaidi ukiwa sekretari wa shule ya sekondari hapa Bungoma, utasoma barua za ruhusa zilizoandikwa kwa mkono wa kushoto ili zifanane na mwandiko wa mzazi. Utapokea simu za "mjomba" ambaye sauti yake inavunjika katikati ya sentensi. Mwishowe unaanza kumtazama kila anayeingia mlangoni mikono kabla ya uso. Tabia hiyo nilitoka nayo kazini pamoja na ile katoni.

Katika katoni mlikuwa na kitako cha kuwekea vidau vya wino, cha rangi ya kahawia yenye michirizi ya kijani, kizito kuliko unavyodhania ukikitazama. Kilikuwa na vidau viwili vyenye vifuniko, na mbele yake mfereji wa kulazia kalamu. Vilivyobaki vya seti hiyo vilikuwa nyumbani siku zote: kikaushio cha wino chenye umbo la nusu duara, kishikilia barua kilichochongwa kama jogoo aliyetandaza mkia, na kalenda ndogo yenye vifundo vitatu vya kuzungusha, kimoja cha siku, kimoja cha tarehe, kimoja cha mwezi. Baba alikuwa karani katika shamba kubwa nje ya Kitale, upande wa kwenda Kachibora. Mzungu mwenye shamba alipouza na kuondoka, alimwachia baba vitu hivyo. Baba akavileta nyumbani Bungoma, akavipanga juu ya meza ambayo haikuwa na kazi nyingine, na kila asubuhi mpaka alipofariki alizungusha tarehe kabla ya kunywa chai.

Palikuwa pia na kisu cha kufungulia barua. Hicho sikukiweka mezani. Kilikuwa cheupe cha kufifia, chenye mistari myembamba kwa ndani, na tangu baba afe nilikuwa nimekifunga ndani ya kitambaa chini ya mashuka. Niliamini ni pembe ya ndovu, na niliogopa watu wa wanyamapori waje wanikute nacho.

Miezi minne baada ya kustaafu, mzee mmoja wa Kitale alinipigia simu. Alijitambulisha vizuri. Ana duka la samani kuukuu karibu na msikiti, ndiye aliyekuja shuleni mwaka uliotangulia kununua madawati mabovu, na aliiona ile kitu ya wino juu ya meza yangu. Sekretari mpya ndiye aliyempa namba. Je, anaweza kuja kuitazama?

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku hiyohiyo.

"Mama, siku hiyo ulikuwa kazini. Ningekuulizaje kitu ya ofisi mbele ya watu? Wangesema nataka uniuzie mali ya shule."

Jibu lilikuwa zuri, na kwa sababu lilikuwa zuri nililishuku.

Alikuja siku ya Jumatano asubuhi, mtu wa miaka sitini na kitu, kofia nyeupe ya kufuma, koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote. Nilikuwa nimemwomba mdogo wangu akae karibu. Tunaishi boma moja, nyumba yake ikitazamana na yangu, ghala lake la mahindi likiwa katikati. Amekuwa fundi wa mabomba, amekuwa wakala wa mbolea, amefuga kuku wa mayai. Kazi zote amezianza kwa moyo wote. Alileta kiti, akaketi mlangoni, asimzuie mgeni wala asimpishe.

Mzee alikunywa chai kwanza, akauliza habari za mvua na za marehemu baba. Kisha akavua saa, akaiweka mfukoni, akakishika kitako cha vidau kwa mikono miwili. Hakukitazama sana. Alikisugua kwa kidole gumba, kwa nguvu na haraka, mpaka nikadhani anataka kukitoa rangi. Halafu akakinusa kidole.

"Nusa," akaniambia.

Nikasogea nusu hatua. Palikuwa na harufu ya hospitali, ya dawa ile ya kupigia deki wodini.

"Hii ni bakelaiti," akasema. "Ni plastiki, lakini si hii ya beseni na jagi. Hii ni plastiki ya kwanza-kwanza. Ikishakuwa ngumu, huwezi kuiyeyusha tena. Ukiichoma inatoa moshi na hiyo harufu, basi. Kuna watu Nairobi wanakusanya hizi. Kuna wengine ng'ambo. Wanataka seti kamili."

"Wanazifanyia nini?"

"Wanaziweka juu ya meza."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama. Wewe unazifanyia nini?"

Mdogo wangu akacheka kule mlangoni, mimi sikucheka. Mtu atoke Kitale mpaka Bungoma, avuke Kimilili na Chwele, kwa ajili ya plastiki ya kuweka juu ya meza? Akakitazama kikaushio, akamgeuza yule jogoo chini juu, na alipofika kwenye kalenda akaitikisa kidogo karibu na sikio. Iligonga kwa ndani.

"Uzito wake umeachia," akasema. "Wanaweka kitu kizito chini isianguke. Si neno."

Nikamwona mdogo wangu akiinua kichwa.

Sijui kilichonifanya nimletee na kile kisu. Labda nilitaka kumjaribu. Nilikifungua kwenye kitambaa, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Na hii?"

Alikipeleka dirishani, akakitazama dhidi ya mwanga, akakisugua na kukinusa kama vile vingine. "Hii ni seluloidi, plastiki nyingine ya zamani. Inanuka kafuri. Wengi hufikiri ni pembe. Lakini angalia mistari, imenyooka sawasawa kama ya daftari. Ndovu hana rula. Usiiweke karibu na moto, inashika haraka kama karatasi."

Nilikinusa. Nikaisikia kafuri, au nikadhani nimeisikia, maana alikuwa amekwisha kunitajia. Nikajisemea moyoni: mtu anayetaka pembe kwa bei ya plastiki angesema nini tofauti na haya? Nikakifunga tena.

Akataja bei ya seti nzima. Ilikuwa nzuri kiasi cha kunitia hofu. Nikasema nitafikiri. Akasema hana haraka, akaomba maji ya kunawa, nikamwonyesha tangi nyuma ya nyumba. Alikaa huko kitambo, akarudi akifuta mikono kwa leso, akatuaga.

Alipotoka tu, mdogo wangu akavuta kiti chake karibu na meza.

"Dada, huyo mzee anakucheza. Wewe umesikia vile karenda imelia ndani?"

"Alisema ni uzito."

"Uzito wa nini? Si angesema ni chuma? Ati 'kitu kizito'. Hiyo ni zebaki, dada. Ile nyekundu."

Kila mtu hapa amesikia habari ya zebaki nyekundu. Ati wazungu waliificha ndani ya vitu vyao vya zamani, redio za mbao, cherehani za mkono, taa, na kijiko kimoja tu kinatosha kununua shamba. Miaka kadhaa nyuma watu walipita vijijini upande wa Saboti wakitafuta cherehani kuukuu za chapa fulani, wakawaambia wenye nazo wasizifungue, kisha wakataka ada ya "kupima". Ada ilitolewa, wapimaji hawakurudi. Nilimkumbusha mdogo wangu habari hiyo.

"Hao walikuwa wakora," akasema. "Huyu ni mjanja. Huyu hajataka ada. Huyu anataka kitu yenyewe. Jiulize kwa nini."

Nilijiuliza. Nilijiuliza siku ile na siku iliyofuata. Zebaki sikuiamini, ila mzee pia sikumwamini, na kati ya vitu viwili usivyoviamini, kile kilichokaa karibu nawe huonekana kina nafuu. Jioni ileile ya Jumatano nilikuwa nimeviweka vitu vyote ndani ya kabati la vyombo, nikafunga, ufunguo nikauweka ndani ya kopo la sukari.

Ijumaa nilifungua kabati kutoa sahani. Kitako kilikuwepo, jogoo na kikaushio vilikuwepo. Kalenda haikuwepo.

Nilitoa kila kitu, sahani, mabakuli, vikombe vya wageni. Nilipiga magoti nikachungulia chini ya kabati. Kufuli haikuvunjwa. Nikaketi sakafuni, nikaanza kuipitia ile Jumatano upya, na kila kitu ambacho mzee alifanya kikageuka. Kwa nini alivua saa? Kwa nini alivaa koti na jua liko? Alifanya nini kule tangini muda wote ule? Kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeiweka kalenda kabatini baada ya yeye kuondoka, hilo nililikumbuka, lakini nikaanza kulitilia shaka. Je, niliiweka kweli? Au niliweka vitatu nikadhani ni vinne?

Nilimwita mdogo wangu. Akasimama katikati ya sebule, mikono mfukoni.

"Si nilikuambia?" akasema. "Huyo aliijua tangu aitikise."

Jumatatu nilikwenda Kitale. Duka sikulitafuta sana. Niliuliza wenye vibanda karibu na msikiti, wakanionyesha kwa kidole. Lilikuwa jembamba, refu kwenda ndani, viti vimepandana mpaka darini. Watu walikuwa wakitoka kuswali adhuhuri, na yeye alikuwa kwenye mlango wa msikiti, hatua chache kutoka dukani, akivaa viatu.

"Karibu, mama wa Bungoma," akasema kwa furaha. "Umefikiri?"

Nilikuwa nimepanga kuingia ndani kwanza. Sikungoja.

"Nimekuja kuchukua kalenda ya baba yangu."

Hakuelewa. Nikamwambia tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba alikuja kwangu, alipewa chai, akaomba maji ya kunawa, na alipoondoka kalenda haikuonekana tena. Watu wawili watatu waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo. Mmoja akasimama kabisa.

Mzee aliingiza mguu wa pili kwenye kiatu, akafunga kamba taratibu.

"Unasema mimi nimekuibia?"

"Nasema ulikuja, na kitu hakipo."

"Ingia dukani," akasema. "Tafuta."

"Sikusema nataka kutafuta."

"Mimi nasema. Umeniita mwizi mbele ya mlango wa msikiti. Ingia utafute, na hawa wote waone."

Niliingia. Alinifungulia droo za kila meza iliyokuwa humo. Alishusha kutoka rafu moja baada ya nyingine: simu nyeusi ya mkono mzito, kijibweta cha sigara, kisahani cha majivu, sanduku la pini lenye kifuniko cha maua, vyote vya ile plastiki ya zamani, na kila kimoja akakisugua kwa kidole, akanisogezea ninuse, kama siku ile kwangu. Alifungua kabati alimoweka mswala na nguo zake. Alivua hata lile koti, akalikung'uta. Kalenda haikuwepo.

Mtu mwenye akili angeomba radhi hapo hapo. Mimi nilisema, "Kama umeshaiuza, nitaionaje hapa?"

Akavaa koti lake. Yule aliyesimama mlangoni akasema, "Mama, sasa nenda," na sauti yake haikuwa mbaya, ila sikungoja aseme neno la pili.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nikamshuku sekretari mpya, kwa nini alitoa namba yangu? Nikamshuku hata marehemu baba. Yule Mzungu alimpa kweli, au alijichukulia? Usingizi ukawa wa vipande.

Alhamisi ya wiki hiyo nilihitaji gunia la kuanikia maharagwe. Mdogo wangu alikuwa ameenda sokoni, na ghala lake halifungwi, linasindikwa tu kwa kipande cha mbao. Niliingia, na kabla macho hayajazoea giza, pua ilinisimamisha. Palinuka mahindi, palinuka panya, na chini yake palinuka wodi ya hospitali.

Nilisimama hapo nikijaribu kukataa. Labda amenunua dawa ya kuku. Nikafuata harufu mpaka nyuma ya magunia ya mahindi. Palikuwa na jiko la makaa lililozimika, nyundo, na karatasi ya saruji iliyokunjwa. Ndani ya karatasi mlikuwa na kalenda ya baba. Haikuwa imepasuka vipande viwili vitatu. Ilikuwa imevunjwa-vunjwa, na baadhi ya vipande vilikuwa vimeungua vikawa na malengelenge meusi. Kifundo cha mwezi kilikuwa kizima. Pamoja navyo kilikuwamo kitu cha kijivu, bapa kama chapati ndogo, kizito.

Niliichukua ile karatasi, nikaenda nikaketi kwenye ngazi ya nyumba yake, nikamngoja.

Alirudi na mfuko wa nyanya. Aliponiona na kilichokuwa mapajani mwangu, aliweka nyanya chini kwa uangalifu, kana kwamba hizo ndizo zingevunjika.

"Dada."

"Ufunguo ulijuaje uko wapi?"

"Si mama pia alikuwa anaweka kwa sukari."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Akaketi ngazi ya chini yangu, akinipa mgongo, akanieleza bila kugeuka. Alichukua kalenda usiku wa Jumatano ile ile. Nia ilikuwa kuifungua chini tu, atazame, airudishe. Bisibisi ikakataa. Akapiga nyundo kidogo, ikapasuka kote. Ndani mlikuwa na pande la kijivu limebanwa kwa kitambaa cha kijani. Akaliweka kwenye jiko la makaa ndani ya kifuniko cha kopo, na vipande vilivyoling'ang'ania vikaungua nalo.

"Na dada, ikaanza kung'aa. Nakuambia, ikawa maji, inang'aa kama kioo, inakimbia-kimbia. Nikajua ni yenyewe. Nikasema Mungu ametukumbuka. Nilitaka nikuamshe."

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Nilipiga simu kwanza. Kuna jamaa wa Webuye ananunua. Akasema nitume pesa ya kupima kwanza."

"Ukatuma?"

Akauvuta mfuko wa nyanya karibu na miguu yake.

"Nikienda kuangalia tena, ilikuwa imeganda. Risasi tu, bana. Risasi kama ya betri. Hata nyekundu haikuwa."

Alinyoosha mkono wa kulia, nikaona kwa mara ya kwanza kovu bichi la moto kuanzia kidoleni mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo maana siku ile alisimama sebuleni mikono mfukoni. Nami, msomaji wa mikono ya watu, sikuitazama yake.

"Ukaniacha niende Kitale," nikasema. "Nikamwaibishe mtu mzima mbele ya watu wake."

"Nilifikiri utaenda ukose, urudi, yaishe."

"Yaishe?"

"Nilikuwa naona aibu, dada. Nina miaka hamsini na mbili. Ningekuambia nini? Ati nilipiga karenda ya baba na nyundo?"

Alilia, si kwa sauti. Nilimwacha pale. Nilikuwa na hasira naye, lakini hasira hiyo ilikuwa nyepesi kuliko ile nyingine iliyokuwa inaniponda: nilikumbuka kamba ya kiatu, jinsi mzee alivyoifunga taratibu.

Kesho yake nilipiga simu Kitale. Haikupokelewa. Nikapiga tena jioni, haikupokelewa. Wakati huohuo wageni wakaanza kufika getini kwetu. Yule wa Webuye hakuwa amenyamaza. Kwanza wanaume wawili na pikipiki, wakiuliza kama hapa ndipo palipo na vitu vya Mzungu. Kisha mwanamke mwenye kitambulisho cha shirika ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Jirani yangu wa miaka mingi alikuja kuazima chumvi na macho yake yakazunguka sebule nzima. Nikaanza kulala na panga chini ya kitanda. Nikaona vitu hivyo lazima vitoke nyumbani, na mtu wa pekee niliyejua kwamba angevitaka kwa jinsi vilivyo, si kwa kilichodhaniwa kuwa ndani yake, ni yule niliyemwita mwizi.

Nilivifunga kwenye taulo, pamoja na kile kisu, na vipande vya kalenda ndani ya karatasi yao. Nikaenda Kitale asubuhi, kabla watu hawajajaa.

Alikuwa peke yake, anapiga msasa mguu wa stuli. Hakunikaribisha. Nilisimama nje ya kizingiti.

"Mzee wangu, nimekuja kukuomba radhi. Kalenda imepatikana. Ilichukuliwa na ndugu yangu mwenyewe, akaivunja. Nilikukosea, na nilikukosea hadharani."

Akaendelea kupiga msasa.

"Nani mwingine umemwambia haya?"

"Bado."

"Basi waambie," akasema, na akanionyesha vibanda vilivyo jirani.

Nilikwenda. Nilianza na muuza viatu, nikaenda kwa mama wa mahamri, nikaenda kwa fundi wa saa, ambaye ndiye aliyeniambia siku ile "sasa nenda". Kila mmoja nilimwambia kwamba mzee yule hakuniibia, kwamba mwizi alikuwa kwetu. Si jambo jepesi kulisema mara tatu. Mama wa mahamri alisema, "Mungu akusamehe." Fundi wa saa akanitazama kwa jicho lililovaa kioo cha kukuzia.

Niliporudi, mzee alikuwa amenitolea stuli ile ile. Akafungua taulo. Alivishika vipande vilivyoungua, akavipanga kidogo juu ya meza kama mtu anayetaka kuona kama mfupa utaunga, kisha akavifunga tena.

"Unauza?"

"Nauza. Kwa bei yoyote utakayosema."

"Bei si shida. Nitajuaje ni vyako?"

Sikuelewa.

"Ulivitoa kwa ofisi ya shule," akasema. "Kesho mwalimu mkuu anaweza kuja na polisi hapa. Au ndugu yako aje aseme ni vya baba yake pia. Nataka barua ya shule, na ndugu yako atie sahihi. Na nakala ya kitambulisho chako."

Damu ilinipanda usoni kama siku ile ya geti. Nilitaka kumwuliza ananidhania nini, nikaona jibu mbele yangu limevaa kofia nyeupe. Nikasema nitaleta.

Nilileta. Iligharimu wiki nzima. Mwalimu mkuu aliandika barua huku akinihoji kuliko alivyowahi kunihoji nilipokuwa mfanyakazi wake, na mdogo wangu alitia sahihi kwa ule mkono wenye kovu. Mzee alisoma barua mara mbili, akaipiga picha kwa simu, akavisugua na kuvinusa vitu vyote upya mbele yangu, kila kimoja, kana kwamba ningeweza kubadilisha. Kisha akavipokea. Kisu alinirudishia.

"Hii sitaki."

"Kwa nini? Si ulisema ni seluloidi?"

"Nilisema. Wewe hukuamini. Siku moja utaamka useme yule mzee wa Kitale alinunua pembe yangu kwa bei ya plastiki. Kaa nayo."

Sikubisha. Alikuwa amenijua vizuri kuliko ndugu zangu wengi. Akasema kunisamehe amenisamehe, tena kwa dhati, ila nyumbani kwangu hatakuja tena, na nikipita Kitale nikiwa na kiu nisione haya kuingia dukani.

Wageni wa getini waliendelea kwa mwezi mmoja hivi, kisha wakapungua. Niliwafungulia kabati, nikawaonyesha sahani. Jirani yangu akaacha kuazima chumvi.

Mdogo wangu na mimi tulikaa muda tukisalimiana kwa mbali. Halafu Jumamosi moja nikamwona ametoka na shati la kwenda kanisani, viatu amepiga rangi, jogoo mzima kwapani, miguu imefungwa kamba. Nikamuuliza anaenda wapi. Akasema Kitale. Sikumwuliza zaidi. Alirudi jioni bila jogoo, akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango. Asubuhi nilimpelekea chai, nikangoja aseme. Akasema mahindi ya Kitale mwaka huu yamefanya vizuri. Nikamtazama mikono, nikamtazama uso. Kwa siku mbili nilijiuliza kama alifika kweli au alimuuza yule jogoo njiani. Siku ya tatu nilichukua simu nimpigie mzee nimuulize, nikaishika muda mrefu, kisha nikairudisha mezani nikaenda kuchambua maharagwe.